Kikopo cha Daktari wa Utumbo

Asubuhi ile baba alipofika Nyamongo kutoka kijijini kwetu Itiryo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu hakunitambua. Alinipita akaenda kumsalimia mtu mwingine. Nilipoita, "Shikamoo baba," akageuka, akanitazama toka juu hadi chini.

Nilikuwa nimebaki mifupa. Dhahabu ilikuwa imetutia wazimu wakati huo, vijana wa kila pembe tumejazana kwenye mashimo ya Kerende. Mimi tumbo linakata, naharisha damu, kila mara nakimbilia vichakani, na sikumwambia mtu. Pale shimoni anayetoka damu walisema amevunja mwiko, anaikimbiza dhahabu. Wangenifukuza siku hiyohiyo. Lakini wenzangu walikuwa na jibu lao: huyu anameza dhahabu! Eti nakwenda vichakani kuitoa. Mwenye shimo akaniwekea mtu wa kunifuata. Hebu fikiria, unaumwa hivyo, halafu mtu amesimama nyuma yako anasubiri utajiri.

Ndipo akaja daktari mmoja mwanamke kutoka Mwanza, mtafiti wa magonjwa ya utumbo. Alitaka kujua kwa nini watu wengine wanaharisha damu miezi na miezi na dawa za kuhara haziwasaidii. Akakodi chumba karibu na soko, akagawa vikopo, akaomba wanaoumwa wamletee choo. Loo! Shimo zima lilicheka. "Mjanja huyo mama! Sisi tunachimba chini, yeye anachimba kwenye vikopo!" Nani angempa? Na mimi nikionekana na kikopo, si watasema nimebeba dhahabu yao?

Baba yangu alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Nilipomweleza hayo yote alifoka mpaka majirani wakatoka nje. "Mura, kijana wangu, kila nikiamka naingia zizini naangalia kinyesi. Ndama akitoa damu, silali. Sioni aibu kwa ndama, nitaona aibu kwa mwanangu? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leta kikopo!"

Nilipokitia choo akakibeba mwenyewe, akakatiza soko la watu, na nyuma yetu mwenye shimo na kundi lake. Daktari hakuwafukuza. Aliniuliza kama naona vibaya wakichungulia, nikasema waache wachungulie. Wakaona damu tupu. Wakaondoka mmoja mmoja, na mwenye shimo akanipa pole.

Daktari akapima kwa hadubini. "Mzee," akamwambia baba, "sioni amiba wala minyoo. Ni nini, bado sijui. Ila mgonjwa wa namna hii ndiye ninayemtafuta. Twende naye Mwanza."

Mimi niliogopa, lakini baba alilipenda lile neno sijui. Alisema waganga wote aliowajua walikuwa wanajua mapema mno.

Mwanza waliniangalia utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa. Ulipitia wapi, usiniulize. Kisha daktari akatuketisha. "Utumbo wako mpana umevimba na kuchubuka. Kinga ya mwili wako mwenyewe ndiyo inayoushambulia. Hujalogwa, hukuvunja mwiko, na humwambukizi mtu. Dawa ya kuumaliza kabisa hatuna, lakini ya kuutuliza ipo. Ukiifuata utaishi, utaoa, utazeeka."

Baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia mbele ya wauguzi, akacheka, akauliza kama naruhusiwa ugali. Mimi nilikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe. Nililala mchana ule usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nianze kuumwa.

Sasa wewe, mwanangu, unayeumwa kimya kimya, nisikilize. Mwili ukitoa damu, sema upesi, hata kama maneno yenyewe yananuka. Ukipewa dawa, usiiache kwa kuwa umepata nafuu. Mimi niliwahi kuiacha, tumbo likanitia adabu. Na akija mtafiti na maswali yasiyo na haya, muulize anatafuta nini, kisha umjibu. Aliyojifunza kwetu sisi wagonjwa wa Nyamongo, maana baada yangu wengine nao walimpelekea vikopo, daktari yule aliwafundisha wenzake. Leo kwenye zahanati yetu damu isiyokoma hawaiiti tena amiba tu, wanakupeleka mbele, hospitali kubwa. Mwaka jana mjukuu wangu alipelekwa hivyo, na yuko hai.

Mungu akulinde, mwanangu. Akufikishe uzee kama huu wangu, na kila utakapougua akupe ulimi wa kusema na mtu wa kukusikiliza.