Mpelekee Mrangi

Mume wangu Ibrahimu kabila lake ni Mrangi, wa Pahi, kule Kondoa, na kazi yake ilikuwa rangi. Basi Dodoma nzima ilijichekea: Mrangi fundi rangi! Hata mimi Tabu, mtoto wa mjini hapa, nilimwita Mrangi wangu tangu mwezi wa kwanza wa ndoa, naye alikuwa anaitika meno yote nje.

Lakini msidhani alikuwa anapaka milango. Yeye alipaka manifodi tu, kile chuma cha ubavuni mwa injini kinachopokea moshi wa moto kabla haujashuka kwenye ekzosi. Kwenye Pijo na Landrova za zamani kinaliwa na kutu mpaka kinapasuka, na miaka ile ya shida, spea hakuna, kikipasuka gari lako linageuka banda la kuku. Kwa hiyo watu waliwahi kwa Ibrahimu. Anakifungua, anakikwangua kwa brashi ya waya, anapiga msasa, anaosha kwa petroli, ndipo anapaka rangi yake isiyoungua, ya makopo, aliyoletewa kutoka Dar na rafiki yake wa relini. Kisha anapasha. Injini inawashwa dakika chache, inazimwa, inapoa kabisa. Mara ya pili inawashwa muda mrefu zaidi. Mara ya tatu ndipo unaruhusiwa kuondoka. Aje mkubwa gani na haraka zake, ataambiwa, "Mara tatu, bwana. Ukiondoka sasa itatoka malengelenge." Mkubwa ataketi anywe chai yangu.

Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sukari na sabuni tulipata, sikatai. Lakini yakaja na magari ya Dubai, na nani tena ahangaike na Pijo ya baba yake? Mwaka wa tisini na nne tulikaa miezi mitano bila gari hata moja. Rafiki wa relini akastaafu. Kopo likabaki moja, na Ibrahimu akalihifadhi uvunguni mwa kitanda.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Abdulrazaki, mfanyabiashara wa mahindi. Alikuwa na Pijo 404 ya marehemu baba yake, na kwao binti haolewi bila kupanda gari hilo. Sasa ilikuwa zamu ya bintiye Shamila.

"Jumatatu nitalituma," alisema. "Jumamosi ndiyo harusi. Na likitoka vizuri, Mrangi, ndugu zangu wa Gulwe wana Landrova tatu. Nitawaambia waje kwako."

Jamani, mngemwona Ibrahimu! Mtu aliyekuwa anakaa kimya wiki nzima, sasa anaimba bafuni.

Rangi ile ina tabia yake. Inazama chini kama tope la bwawa la Hombolo, lazima uifungue uikoroge nusu siku, na ikishafunguliwa haikai. Jumatatu alfajiri akafungua kopo la mwisho, akakoroga, akakaa. Gari halikuja. Jumanne akalifunika kopo kwa nailoni na kukaa tena. Nikamwambia akaulize. "Mzee haongopi," akanijibu. "Nikienda ataona namsukuma."

Kumbe gari lilikuwa limeshapita. Mzee alimpa dereva wake kikaratasi: Mpelekee Mrangi, Majengo. Dereva mwenyewe ni Ulimboka, mtu mzima, lakini mtu wa Tukuyu, ana wiki mbili tu Dodoma. Warangi angewasikia wapi? Yeye akajua mrangi ni mtu wa rangi, kama mkulima ni mtu wa kulima. Akafika Majengo, akauliza wapaka rangi wako wapi, akaonyeshwa bwana mmoja mwenye kompresa anayepulizia bodi za magari. Na huyo bwana, badala ya kusema kazi hii siijui, akapuliza kwenye manifodi rangi ya kawaida ya silva, tabaka juu ya tabaka. Ikang'aa kama sufuria mpya. Kupasha hakuna.

Jumamosi wakaondoka na bibi harusi kwenda Kibaigwa, kwa bwana harusi. Hawajafika Chamwino, moshi ukaingia ndani, halafu moto chini ya boneti. Shamila akaruka, shela ikabaki mlangoni. Tunamshukuru Mungu, hakufa mtu. Lakini Pijo iliungua ikabaki mifupa. Watu pale barabarani wakauliza nani kapaka kitu hiki, na Ulimboka wa watu, wala hakudanganya, akasema, "Nilipeleka kwa mrangi."

Jioni watu wa harusi wakaja kwetu. Sisi gari lenyewe hatujaliona!

"Mrangi, umemuunguza bibi harusi."

Ibrahimu akajua ni utani, akacheka. Ee Mola, kile kicheko! Ndicho walichoondoka nacho: kaunguza watu, tena anacheka.

Baada ya wiki, Mzee Abdulrazaki akaja mwenyewe. Alikuwa ameshambana Ulimboka akajua yote. "Kosa ni langu, Ibrahimu. Ningeandika jina lako."

"Basi, mzee wangu," nikamwambia, "Ijumaa simama msikitini useme hivyo hivyo, watu wasikie."

Akaangalia viatu vyake. "Wakwe ndio kwanza wamepoa, mwanangu. Nikilifufua, lawama zitanirudia mimi. Yaishe."

Na mume wangu, mpole hadi ujinga, akasema, "Yaishe, mzee." Ningekuwa na mwiko mkononi ningewachapa wote wawili.

Yaishe! Yaliisha kwa nani? Kwa mzee yaliisha. Landrova za Gulwe hazikuja, wala gari lingine lolote. Siku moja nilimkuta Ibrahimu amelipindua kopo. Halikudondosha kitu. Brashi ilikuwa imegandia ndani, akaivuta, akaivuta, ikakatika mpini.

Sasa anapakia magunia kwenye malori Kibaigwa, anarudi Jumamosi. Juzi nikataka kumchangamsha, nikampokea mlangoni kama zamani: "Karibu, Mrangi wangu!"

Hakuitika. Aliweka mfuko chini, akanishika mkono.

"Tabu, nakuomba, jina hilo usiniite tena."

Miaka kumi na tisa nimemwita hivyo. Nikasema sawa, baba Naima, nikaenda kumpashia maji ya kuoga.