Pale Inapokaa Sauti ya Mwinjilisti

Kemilembe haangalii mtu usoni anapoongea naye. Anamwangalia shingoni. Wageni hudhani ni adabu, wakamsifia mama yake kwa malezi. Sisi wa kwaya tunaotumika naye hapa Nyakatuntu tunajua kwamba anakusikiliza, ila si lazima awe anasikiliza unachosema. Unaweza kumpa habari ya msiba akakuitikia, "Pole sana, waitu, ndugu yangu. Leo sauti yako imejaa chini, una mafua?" Na kweli kesho yake unaamka na mafua.

Yeye ndiye fundi mitambo ya sauti wa usharika wetu. Anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na meza yake ya miksa imefunikwa kitambaa alichodarizi mama yake, ili vumbi lijue kwamba ni vitu vya kanisa. Mimi ni mpiga kinanda. Maana yake ni kwamba tangu aanze kazi ile nimekuwa nikipandishwa na kushushwa na vidole vyake, na mara nyingi nashushwa.

Baba yake ni Mwinjilisti Rogasian. Zamani mzee yule akisema "Tusali," watu hadi kule Bugomora, jirani zetu, walikuwa wanavua kofia. Sauti ile ilibatiza wengi wetu, iliwazika babu zetu, na mimi binafsi ilinikemea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha koo likamwuma, hospitali wakapasua, na Mungu akasaidia akarudi mzima. Sauti haikurudi naye. Alichobaki nacho ni kama upepo unaopita katikati ya migomba, ila upepo wenye maneno ndani yake.

Pasaka iliyopita alisimama mbele, akashika maiki, akasema, "Ndugu zangu, nilipofika hapa mara ya kwanza..." Waliokaa mbele walisikia. Wa nyuma waliona midomo tu. Kemilembe akapandisha sauti. Haikutosha, akapandisha tena, na spika zikapiga mluzi wa kutoboa meno. Alishtuka, akavuta kitufe kilichokuwa karibu na kidole chake. Mluzi ukabaki, sauti ya baba yake ndiyo ikaondoka. Watoto wakacheka. Baada ya watoto, na wakubwa kadhaa wakacheka, na mmoja wao nilimwona ni katibu wa kwaya. Mzee aliiweka maiki mezani taratibu kama mtu anayeweka yai, akaenda kukaa. Sentensi yake ikabaki hewani hivyo hivyo, haina mkia.

Jioni yake akamwambia bintiye, "Siku ya kuniaga nikistaafu, hotuba yangu ataisoma Leonidas. Mimi nitakaa."

Leonidas ni mzee wa kanisa, mtu mwema, ila husoma kila kitu kama tangazo la chanjo ya ng'ombe. Kemilembe alinijia akiwa amevimba macho.

"Dastan, baba hawezi kuagwa kwa mdomo wa Leonidas."

"Basi tafuta mashine inayoua mluzi yenyewe. Zipo."

"Na masikio nayo nitafute ya mashine? Nilivuta kitufe ambacho sikukijua. Nataka nikijue kila kimoja."

Hapo lazima nieleze kidogo, na niahidi sitachukua muda mrefu, maana diploma yangu ya umeme iliishia katikati na elimu hii ilikuwa kwenye nusu ya pili. Sauti ni mtikisiko. Inayotikisika mara chache kwa sekunde ni nzito, ni ya chini. Inayotikisika mara elfu kadhaa ni nyembamba, iko juu. Hesabu hiyo ndiyo mafundi huiita masafa. Kando ya miksa yetu kuna kifaa kinachoitwa ikwalaiza, chenye safu ya vitufe vya kusukuma, kila kimoja na sehemu yake ya sauti. Mluzi ukianza, unatoka sehemu moja tu. Fundi mwenye sikio lililofundishwa anasikia ni ipi, anashusha kitufe hicho kimoja, vingine vinabaki salama. Fundi asiye na sikio anapapasa. Kwa mzungumzaji mwenye sauti nene kupapasa kwako hakuonekani sana. Kwa Mwinjilisti, mwenye mabaki ya sauti tu, ukigusa pasipo penyewe unamfuta.

Kemilembe akaingiza kwenye simu programu inayopiga kelele ya "shiii" kama mvua isiyolowesha, kisha inainua sehemu moja ya kelele hiyo na kukuuliza: ni ipi? Akawa anatembea na hedifoni shambani, jikoni, akimenya ndizi. Mwanzoni alikuwa anakosa kila jibu. Nilimcheka, na sikuwa peke yangu. Kisha akaanza kuzipa sauti majina ya vitu tunavyoishi navyo. Ile ya mara mia mbili na hamsini kwa sekunde akaiita Ng'ombe, kwa sababu ndipo unapokaa mngurumo wa dume la Nsanzimana, yule mfugaji wa upande wa malisho. Mia nane ni Debe Tupu. Elfu moja ni Mtu Aliyebana Pua. Elfu tatu ni Mtoto Mchanga, kile kilio ambacho hata ukiwa umelala fofofo kinakuamsha. Elfu nane ni Buni Kavu, ule mchakacho wa kahawa ikigeuzwa kwenye turubai.

"Na mimi ni nani?" nikamwuliza.

"Wewe ni Debe Tupu," akasema bila kufikiri, na hadi leo sijajua kama alikuwa anaongelea masafa.

Siku moja alasiri tulikuwa kibarazani kwao mvua ikaanza. Mvua ya kwetu haibishi hodi, inaangukia mabati moja kwa moja. Nikanyanyua sauti ili niendelee na hadithi yangu. Akanifunika mdomo kwa kiganja.

"Funga macho. Usisikilize mvua. Sikiliza chini ya mvua."

Nikafunga, kwa kumridhisha. Mara ya kwanza ilikuwa mvua. Halafu, polepole, kama unapozoea giza la jiko, nikaanza kuona. Chini kabisa kulikuwa na mvumo, si wa mabati, wa kilima chenyewe, maji yakishuka bondeni. Juu yake mapigo manene ya matone kwenye majani ya mgomba. Juu zaidi mabati yakilia kama kikaango. Na juu ya vyote, pembamba kabisa, kitu kama mchanga unaomwagwa, ambacho hakikuwa na mwisho. Kila nilipodhani nimefika kileleni mwake kulikuwa na kingine. Nimeishi chini ya mabati maisha yangu yote. Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba nikidhani ni ukuta, kumbe ina vyumba.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimenyamaza. Kemilembe akasema huo ndio ushahidi kwamba miujiza bado ipo.

Kuanzia hapo nikawa mtumishi wake. Kila Jumamosi tuliingia kanisani, mimi nasimama mbele, nanong'ona Zaburi kwa sauti ya Mwinjilisti, yeye anapandisha maiki hadi spika zianze kuimba zenyewe. Ilikuwa kama kuyaita mashetani Jumamosi, moja moja, ili yasije Jumapili. Linatokea la kwanza: "Ng'ombe!" anashusha kidogo. Anapandisha, linatokea la pili: "Debe!" anashusha. Masikio yake yalikuwa yanataja kabla mimi sijajua kama kuna kitu. Nilimwona kwa macho yangu akinyoosha mkono kwenye kitufe wakati kanisa kwangu bado lilikuwa kimya. Nusu pumzi baadaye ndipo mluzi ulipoanza kuchungulia, ukakuta mlango umefungwa.

Lakini Mtoto Mchanga alimshinda. Alikuja kila mara, pale pale, elfu tatu.

"Si umshushe kama wenzake?"

"Sauti ya baba imebaki hapo hapo." Aliniangalia shingoni, macho yamejaa machozi. "Chini yote waliikata hospitali. Maneno yake yote yanakaa pale. Nikimkata mtoto, namkata na baba."

Siku hiyo alifunika miksa mapema, na nilijua anafikiria Leonidas.

Jawabu lilikuwa chini ya miguu yetu, na tulikuwa tumelikanyaga mara nyingi. Kemilembe alikuwa na tabia ya kwenda kufanyia mazoezi kwa bibi yake, Kokubanza, kwenye nyumba ile ya zamani ambayo bibi huyo bado anaitandika majani sakafuni, kama wazee wetu walivyokuwa wakitandika, majani mengi, mapya kila mgeni anapotegemewa. Tulikuwa tumekaa humo, mimi najipangusa mikono baada ya kula, nikapiga makofi mawili ya kukung'uta. Kemilembe akageuka.

"Piga tena."

Nikapiga. Kofi likafa palepale, kama limeanguka kwenye godoro. Akanishika mkono, akanikokota njia nzima hadi kanisani, kwenye saruji tupu na kuta tupu, akasema, "Piga." Nikapiga. Kofi likaenda hadi ukutani, likarudi, likaenda tena, pembamba, kali, likilialia.

"Mtoto Mchanga," nikasema. Nilikuwa nimemsikia mwenyewe, bila kuambiwa.

"Si mimi niliyekuwa nampigia kelele baba," Kemilembe akasema taratibu. "Ni nyumba iliyokuwa inampigia kelele. Saruji inairudisha sauti, majani ya Bibi yanaimeza."

Leonidas alipopelekewa ombi la kutandika majani kanisani alishika kiuno. "Binti yangu, tumejenga sakafu hii kwa jasho. Leo tuifanye zizi?"

Bibi Kokubanza, aliyekuja na fimbo yake bila kualikwa kikaoni, hakumpa nafasi ya kumaliza. "Wewe Leonidas, siku unaoa, nani alitandika majani pale kwenu?"

"Ni wewe, Bibi."

"Ulikuwa ng'ombe?"

Kikao kiliangua kicheko, na Leonidas, kwa heshima yake, naye akacheka. Ikapitishwa kwamba mtumishi anayeagwa atandikiwe, kama mgeni wa heshima. Hiyo ilikuwa kweli. Kwamba ilikuwa pia habari ya masafa, hatukuona sababu ya kuwachosha wazee. Nsanzimana akatoa ruhusa yakatwe majani upande wa malisho yake, kina mama wakayabeba vichwani, na Jumamosi ile kanisa likanukia kama kilima baada ya mvua. Tulitandika hadi kifundo cha mguu kikapotea.

Mwinjilisti aliletwa "kuona majani." Hakujua kwamba maiki ya mimbarani iko wazi. Alivua viatu, akatembea taratibu hadi mbele, akainama akashika majani, akasema peke yake, kwa ule upepo wake, "Mawe, mama yangu! Nani kafanya hivi?"

Na sauti yake ikasikika mlangoni. Nyembamba, kavu, haina chini, lakini kila neno limesimama kwa miguu yake. Hakuna mluzi. Mzee alinyanyuka, akaangalia spika moja, akaangalia ya pili, kama mtu anayekutana na ndugu aliyeambiwa amekufa. Nyuma, bintiye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye vitufe.

"Ni sisi, baba," akasema. "Kesho utasoma mwenyewe?"

Mzee akasogea mimbarani. "Sisomi," akasema, na sauti ikafika hadi ukutani nyuma ikapumzika. "Nitaongea."

Kesho yake kanisa lilijaa hadi madirishani. Alishika maiki, akasema, "Ndugu zangu, nilipofika hapa mara ya kwanza," na nikasikia waumini wote wakivuta pumzi, kwa sababu kila mtu alikumbuka. Akaendelea. Na kwa kuwa alisahau kwamba ni mgonjwa, akarudia tabia yake ya zamani: akashuka mimbarani akaanza kutembea na maiki katikati ya watu, akielekea moja kwa moja mbele ya spika. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Mimi niliacha kinanda nikageuka. Kemilembe alikuwa amefumba macho. Kidole chake kilisogea, kikagusa kitufe kimoja, kikashusha kidogo sana, na wakati huo huo nikasikia kitu kama debe likianza kufikiria kulia, kisha kikaghairi. Baba yake alipita mbele ya spika akiongea. Hakuna mtoto aliyecheka. Aliyecheka ni kanisa zima, lakini pale alipotaka wacheke.

Ibada ilipokwisha nilimkuta Kemilembe nyuma, anakunja nyaya. Nikamwambia amefanya jambo ambalo sijui hata niliite nini. Akatikisa kichwa.

"Dastan, alisema nini?"

Nilidhani ananitania.

"Sikusikia hata neno moja," akasema. "Nilikuwa nasikiliza elfu tatu, na mia nane, na zile spika. Nilimsikia yeye mzima, ila maneno yalipita. Alisema nini?"

Basi tukakaa chini kwenye majani, mimi na yeye, watu wakiwa nje wanagawana ndizi na nyama, nikamwambia tangu mwanzo.

"Alisema: Ndugu zangu, nilipofika hapa mara ya kwanza, nilipiga magoti nikamwomba Mungu anihamishe upesi. Barabara mbaya, baridi, na nyie wenyewe mlikuwa wakali. Niliomba kwa sauti yangu ile kubwa mliyoijua. Hakunihamisha. Nikadhani hakunisikia. Leo naaga, na sauti sina, na ninachotaka kusema ni kwamba namshukuru kwa kutonihamisha. Nadhani siku ile alinisikia vizuri kuliko nilivyosema."

Kemilembe aliweka nyaya chini.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

Nikarudia. Safari hii alikuwa ananiangalia usoni.