Ziwa Kubwa Liko Juu

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2017, meneja wa kituo cha wazee hapa Grand Prairie, ughaibuni, mama Mkenya asiye na mzaha, alinikabidhi funguo za gari. "Mzee Gervasi, fuata GPS. Ukinipotezea hawa wazee hata mara moja tu, utanirudishia hizo keys."

Nikasema sawa, mama. Moyoni nikasema, mimi niliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika nifundishwe njia na simu? Nyie madereva wa leo chekeni tu. Sisi tulisoma njia kwa maji, na kwetu kila kijito huteremkia ziwa kubwa.

Wiki hiyohiyo tukaenda pikiniki Joe Pool, ziwa kubwa la huku. Meneja alitangulia na nyama ya mbuzi. Mimi nikabeba wazee, Warundi watupu, wana njaa. Tulipokuta kijito, GPS ikasema twende kusini, mlimani. Nikaizima! Nikateremka na maji, tukiimba gari zima, mpaka ziwani. Loo, ziwa lenyewe dogo, na kibao kinasema samaki wa hapa hawaliwi.

Simu ikalia. "Mzee, uko wapi?"

"Ziwani, mama."

"Ziwani wapi? Mimi ndiye niko ziwani!"

Kumbe maziwa ya huku ni mabwawa, yaani mto umezibwa kwa ukuta. Joe Pool limezibwa huko juu. Wakifungua malango, maji yanashukia hili dogo, Mountain Creek. Kubwa linamwagia dogo! Nani kwetu amewahi kuona hayo?

Meneja akafika, mbuzi amepoa, mkono ameunyoosha. "Keys."

Jamani! Mke wangu alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba nimepata kazi.

Bibi Dorotea, mkubwa wa abiria wote, akachungulia dirishani. "Mwanangu, zichukue. Ila sisi hatushuki. Dereva aliyepita alijua njia, lakini hata kutusalimia hakujua."

Wazee wote wakafunga mikanda. Meneja akawatazama, akatazama maji, kisha akaanza kugawa nyama.

Mwaka 2020 korona ikafunga kituo, nami nikastaafu. Nilipompelekea meneja funguo, akaficha mikono nyuma.

"Weka mezani, Mzee. Mimi siwezi kuzipokea."

Nikageuka haraka asione machozi yangu, nikafungua mlango, nikajikuta stoo.