Sumaku Chini ya Kitambaa

Mjukuu wangu amenunua televisheni nyembamba, ananisifia kwamba vidoti vyake ni vidogo mno, hata ukibandika pua kwenye kioo huvioni. Nikamwambia aniache. Mimi vidoti vya televisheni nilivijua Katoro, miaka ya tisini, na vilinitia adabu.

Mume wangu alikuwa akinunua vumbi la dhahabu kwa wachimbaji. Mwaka mmoja mambo yakamnyookea, akaenda Mwanza, akarudi na televisheni, deki ya video na jenereta. Ile televisheni ilikuwa na kisogo kirefu, imejaa meza nzima, nasi tukajiona tumefika. Nikaitandikia juu kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki.

Ndipo ikaja kanda ya harusi ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Aliolewa Mtwara, na mama yetu hakwenda kwa sababu nyonga ilikuwa imemlaza. Aliposikia kanda iko kwangu, akapanda basi kutoka kwake Songwa na fimbo yake. Alitaka kumwona mwanawe na shela, basi.

Tukawasha. Bibi harusi akatokea na shavu la kijani, paji la uso la zambarau. Mama akaniuliza, "Mbona mwanangu ana rangi ya maiti? Alikuwa anaumwa mkanificha?"

Nikamwapia kwamba ni mzima. Hakuniamini. Siku ile hakula.

Hasira zote nikazipeleka kwa mume wangu. Kwa desturi yetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe, kwa hiyo maskini alikuwa nje, amesimama dirishani, na mimi namrushia maneno. "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia! Macho ya dhahabu unayo, ya televisheni huna."

"Haya, mama watoto, nimesikia," akasema.

Asubuhi akamleta mzee wa Kihindi mwenye duka la redio pale sokoni, mtu aliyezaliwa hukuhuku. Alimwamkia mama "mwangaluka", na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu. Akaisimamisha kanda, akaomba lenzi ya mume wangu ya kukagulia dhahabu, akachungulia kioo. Kisha akaniita nami nichungulie.

Jamani, uso wa mdogo wangu haukuwepo! Palikuwa na vidoti tu, vyekundu, vya kijani na vya bluu, vimejipanga. Nikamuuliza weusi wa ngozi yake na weupe wa shela viko wapi.

"Vidoti vikiwaka pamoja, weupe unatengenezwa machoni pako. Vikizimika, ndiyo weusi," akasema. Akamweleza mama kwamba nyuma ya kioo umeme unarushwa kwa njia tatu, kila njia na vidoti vya rangi yake. Kitu kikiuvuta pembeni, unaangukia rangi isiyo yake, kama mtu anayepanda mbegu kwenye tuta la jirani. Mtoto hana ugonjwa.

Kisha akainua kitambaa changu. Chini yake kulikuwa na sumaku nzito ya spika, ile ambayo mume wangu hutumia kutolea mchanga mweusi wa chuma kwenye dhahabu. Niliificha pale mwenyewe siku mama anafika, kwa kuwa ilikuwa chafu na nilitaka sebule yangu ionekane nadhifu.

Nikaona aibu, uso ukaniwaka. Mume wangu alikuwa palepale dirishani. Hakunicheka, wala hajawahi kunikumbusha, na kwa hilo nampenda mpaka leo.

Mzee akaiondoa sumaku, akachomeka koili lake la mviringo la kufutia usumaku uliobaki kwenye kioo, akalizungusha mbele ya kioo huku akirudi nyuma polepole. Rangi zikayumba, zikatulia. Tukaiendesha kanda. Mdogo wangu alikuwa mweusi wake uleule, anang'aa, amenenepa kidogo. Mama akashusha pumzi. Mwishoni bibi harusi aliigeukia kamera, akapiga goti na shela lake, akasema, "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika.

Mzee akamwambia kwa upole kwamba yule hasikii.

"Najua," mama akasema, macho kwenye kioo. "Lakini amepiga goti tangu siku ya harusi, na hakuna aliyemwitikia."