Nilivyoingia Kaburini Kudai Pikipiki

Nilitoka Tabora kwa miguu kwenda kupanda treni, kumbe treni nayo ilikuwa njiani kuja Tabora. Hilo nililijua nikiwa nimeshavuka Ugogo wote, midomo imepasuka kwa jua na viatu vya shule nimevitundika shingoni kwa sababu vilinibana. Nilikuwa kijana niliyesomea pwani, katika shule ya serikali, hadi madarasa ya juu, kisha nikarudishwa kwetu kufundisha watoto herufi. Kazi ilikuwa safi na yenye heshima. Lakini kila msafara wa wapagazi ulipopita nje ya dirisha, miguu yangu ilikwenda nao chini ya meza. Alipoletwa mwalimu mwingine wa kunisaidia, niliona hapana haja ya kusaidiwa. Nikamwachia chaki zote, nikafuatana na watu waliokuwa wanapeleka nta pwani.

Reli tuliikuta imeishia porini, kama sentensi ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Wafanyakazi walikuwa wanagonga vyuma. Mmoja wao akaniuliza ninatoka wapi.

"Tabora."

"Sisi ndiko tunakokwenda," akasema, akinitazama kwa huruma. "Ungekaa tu kwenu, ndugu yangu, tungekufuata."

Nikapanda behewa la wazi lililokuwa linarudi tupu. Morogoro treni ilisimama kunywa maji, nami nikashuka kunawa uso. Nilipoinua kichwa niliiona milima ya Uluguru, imejifunga ukungu kiunoni kama mtu aliyetoka kuoga, na vijito vinameta kwenye mbavu zake. Nikasimama nikaitazama. Treni ikaondoka na mkeka wangu. Sikuikimbilia.

Nilipata ukarani kwa Mjerumani mmoja mwenye shamba la mpira upande wa Kilakala. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vikopo vya utomvu asubuhi, na kuvihesabu tena jioni ili kuhakikisha kwamba havijazaana. Bwana alikuwa mnene, mwekundu, na si mtu mbaya ukimlinganisha na majirani zake. Alikuwa na udhaifu mmoja: akishasema jambo mbele za watu, lazima jambo hilo liwe, hata kama lina madhara kwake mwenyewe.

Ndivyo pikipiki ilivyokuja. Alikuwa amesema kwenye karamu kwamba ataagiza moja, basi akaagiza. Ilishuka stesheni ndani ya sanduku kubwa, na tulipolivunja tukakuta kitu kama baiskeli iliyomeza jiko. Ilikuwa na pedali, mkanda mrefu wa ngozi wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na pampu ndogo ya mafuta ambayo mwendeshaji aliisukuma kwa mkono huku akiendesha, akiomba Mungu kwa mkono mwingine. Bwana aliipanda siku hiyo hiyo. Alikwenda vizuri sana hadi kwenye mti wa kwanza wa mpira. Tulipomtoa alikuwa na vikopo viwili mfukoni, na utomvu umemgandisha ndevu.

"Karani," akaniita. "Wewe umesoma. Panda."

Nikapanda. Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Tangu utotoni nilikuwa nimekwenda mbali kwa kuchoka, hatua baada ya hatua. Sasa njia ilikuwa inakuja yenyewe, inaingia chini yangu na kutokea nyuma, na upepo unanijaza kanzu mpaka nikawa kama hema. Nilianguka mara nyingi. Kila nilipoanguka nilicheka peke yangu, na wanawake waliokuwa wanapeleka ndizi sokoni wakaambizana kwamba karani amepata kichaa cha bei ghali.

Shida kubwa ilikuwa adabu. Morogoro humpiti mtu mzima bila kumwamkia, na pikipiki ile ukiisimamisha, kuiwasha tena ni kazi ya nusu asubuhi. Nikawa ninaanza kupiga kelele nikiwa mbali, "Shikamoo baba! Shikamoo mama!" Lakini sauti yangu ilipofika mimi nilikuwa nimeshapita, na marahaba yao ilimkuta mtu aliyekuwa nyuma yangu, mara nyingi mbuzi. Wazee walikwenda kulalamika kwa liwali. Liwali akaamua kwamba niamkie mji mzima kwa jumla kila asubuhi, nikiwa nimesimama sokoni, kabla ya kuwasha. Nikafanya hivyo. Mji mzima uliitikia.

Sasa, huko juu milimani alikuwako Mjerumani mwingine, mwenye machimbo ya ulanga, yale mawe yanayobanduka kama magamba ya samaki na kung'aa. Huyu na bwana wetu walikuwa marafiki wa kugombana. Alisema kwamba pikipiki ile haitafika kwake hata iote mbawa. Bwana wetu akapiga meza. Akasema siku ya sikukuu ya mfalme wao, Wajerumani wote wakiwa wamekusanyika machimboni kunywa bia, pikipiki itafika pale na mtu juu yake.

Kisha akanigeukia. "Ukifika nayo siku hiyo, njia zote zako. Turiani, Dakawa, Kilosa, kila barua utapeleka wewe. Usipofika, nitaiuza, na wewe utahesabu vikopo mpaka uzeeke."

Usiku ule sikulala kwa furaha na hofu. Njia zote! Nilikuwa tayari kuubusu ule mkanda wa ngozi.

Siku ya sikukuu wazungu walitangulia alfajiri, kila mmoja amelala kwenye machela, wanaume wanne wanambeba mabegani. Mimi nikawafuata jua lilipopanda. Mwanzo wa mlima tulikwenda, mimi na pikipiki, kwa kusaidiana: ilipochoka niliisukuma, nilipochoka mimi ilizimika. Hatimaye nikatokea kwenye kijiji chenye migomba pande zote, na pale njiani walikuwa wamejaa watu, wanawake wamejifunga kaniki, wanaume wameshika majembe. Kulikuwa na msiba. Nikazima haraka, nikashuka.

Mwanamke mmoja mtu mzima akatoka kwenye kundi, akanisikiliza ninavyotoa pole kwa lafudhi ya kwetu, na uso wake ukabadilika.

"Huyu Mnyamwezi," akasema. "Jamani, mtani amefika!"

Nikaishika pikipiki kwa mikono miwili. Msomaji asiyejua mambo yetu aelewe hapa: sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuchukulia kitu chako chochote nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umewaaibisha watu wa kwenu wote. Na mtani ana kazi msibani. Yeye ndiye anayemwigiza marehemu, anayewachekesha wafiwa na kuzuia mazishi mpaka akubaliwe ombi lake. Msiba bila mtani ni kama chakula bila chumvi, na hawa walikuwa wanamzika bibi kizee mashuhuri wa ukoo wao, tangu jana wanatafuta mtani na hawampati.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Poleni sana. Mimi ninapita tu, ninaitwa huko juu."

"Marahaba. Anayekuita juu ni Mungu. Huyo mwingine atangoja." Akaishika pikipiki pembe zake. "Mama yangu amelala ndani, weye unachezea punda wa chuma?"

"Mama, hii ni mali ya Mzungu."

"Na weye ni mali yetu. Tazameni, jamani! Kazi ya Mnyamwezi ni kubeba mizigo, leo mzigo unambeba yeye! Dunia imepinduka!"

Watu wakaangua kicheko. Hapo ilinibidi nijibu, hata kama jua lilikuwa linanikimbia.

"Na kazi ya Mluguru ni kukaa mlimani kama nyani," nikasema, "akichungulia wanaopita awaibie!"

"Sawa sawa!" wakashangilia, na kwa kuthibitisha maneno yangu wakaiiba. Waliisukuma mpaka kwenye baraza ya marehemu, wakaifunga kipande cha kaniki kwenye taa, ikawa mfiwa kama wengine. Kaka yake marehemu, mzee mrefu mwenye fimbo, akaja kunipa masharti.

"Fanya kazi yako, mjukuu, utapewa mnyama wako. Usipofanya tutamla."

"Babu, huyu haliwi."

"Tutajua tukishamchuna."

Basi nikafanya. Nililala kwenye mkeka wa marehemu, nikajifunika, nikaanza kukohoa kizee. Kisha nikanyanyua kichwa na kuuliza kwa sauti nyembamba, "Nani alikula kuku wangu wakati mimi ninaumwa?"

Nilisema tu. Sikujua kama bibi alikuwa na kuku. Lakini wafiwa wote walimgeukia yule kaka yake, na yule mzee akaanza kuitazama migomba kama anaikagua. Walicheka mpaka wakakaa chini. Yule mwanamke aliyenikamata, binti wa marehemu, ambaye niliambiwa alikuwa hajatoa chozi tangu jana, alicheka akashika mbavu, na katikati ya kicheko kilio kikamtoka, akalia kama inavyostahili, wenzake wakimpokea. Yule kuku, walinieleza kabla ya maziko, alikuwa jogoo.

Nilidhani nimemaliza. Wakaniambia bado, twende makaburini, kisha tukirudi tutakula, kisha tutazungumza habari za punda. Nikatazama jua. Huko juu wazungu walikuwa wanakunywa na kutazama njia, na Turiani yangu, na Dakawa yangu, na Kilosa yangu zilikuwa zinaniponyoka.

Ndipo nilipokumbuka kwamba haki za utani zina pande mbili. Walipomfikisha bibi kaburini na kuiteremsha machela, nilitangulia mimi. Niliruka ndani ya kaburi, nikakaa chini, nikakunja miguu.

"Toka, mtani," binti wa marehemu akasema. "Mama anataka kulala."

"Kuna mtu."

"Unataka nini weye?"

"Pikipiki yangu. Na iwe machimboni kabla wazungu hawajalewa."

Wakashauriana. Yule mzee akainama na kuniuliza, "Tukikufukia pamoja naye?"

"Nifukieni. Lakini nitamsimulia habari za jogoo njia nzima."

Akanyoosha mkono haraka, akanivuta nje. Tukamzika bibi kwa utulivu, na udongo wa kwanza niliutia mimi, kwa sababu walitaka hivyo.

Ahadi waliitimiza vizuri kuliko nilivyoomba. Kutoka pale njia ilisimama wima kama ngazi, yenye mizizi na mawe yenye ukungu, na hata mbuzi waliipanda kwa kufikiri. Wakachukua miti ile ile ya machela iliyomleta bibi, wakaifunga pikipiki juu yake kwa kamba za migomba, wakaniamuru nipande nikae, maana mnyama lazima apandwe. Wanaume wanane wakainyanyua. Wanawake wakatangulia wakiimba, na katika kila ubeti walikuwa wamenipachika mimi na babu zangu, na mambo tuliyowahi kufanya na punda. Nilikaa juu, nimeshika usukani kwa mikono miwili, ninaelekeza kushoto palipo na kona ya kushoto.

Bwana alikuwa amesimama kwenye ukingo wa machimbo na darubini. Kwa mbali aliona vichwa vya watu na migomba, na juu yake mimi, nimenyooka, ninapanda mlima pole pole. Akarusha kofia yake hewani. Akawakumbatia watu asiowapenda. Tulipokaribia, mwenye machimbo akaona miti na mabega.

"Imebebwa!" akapiga kelele kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Hiyo haikufika. Imebebwa!"

Bwana wetu akatulia. "Wewe ulipanda hapa kwa chombo gani?"

"Kwa machela."

"Ulibebwa?"

"Nilibebwa, ndiyo."

"Basi na wewe hujafika," akasema. "Sherehe hii inafanyika bila mwenyeji."

Wazungu wote, kila mmoja wao aliyefika pale amelala chali, wakatafakari, wakaona ni afadhali kukubali kwamba pikipiki imefika. Watani zangu walipewa nyama na chumvi. Binti wa marehemu aliifungua ile kaniki kwenye taa mwenyewe.

"Nenda, weye mbeba mizigo," akaniambia. "Umenifaa leo."

Jioni ile niliiteremsha kwa magurudumu yake. Ndiyo safari ninayoikumbuka mpaka leo nimepita miaka arobaini na nimeona nchi nyingi. Breki ziliungua, nikabaki na miguu na dua. Nilipita ndani ya shamba la maharage la mtu, nikapita kwenye kijito nikatoka na kambale aliyekwama kwenye spoki, na chini kabisa Morogoro ilikuwa imelala na moshi wa vyakula vya jioni, mimi ninaiangukia kama jiwe, ninaimba nyimbo za kunitukana.

Kesho yake bwana aliniita. Alikuwa ameiweka pikipiki barazani, kati ya vyungu vya maua.

"Imeshinda," akasema. "Kitu kilichoshinda hakichafuliwi tena. Utaipiga mafuta kila asubuhi."

"Na njia, bwana?"

"Ahadi ni ahadi. Njia zote zako. Barua ya Turiani hii hapa. Utakwenda kwa miguu."

Nilizunguka Turiani, Dakawa na Kilosa kwa miguu hadi msimu mwingine wa mvua, nikirudi kila mara kuipiga mafuta pikipiki iliyokuwa safi kuliko mimi. Mpaka siku moja walikuja wageni kutoka Dar es Salaam, na bwana akataka waisikie ikinguruma. Nikaisimamisha kwenye kigingi chake, gurudumu la nyuma likiwa hewani, nikapiga pedali. Ikawaka. "Ongeza!" bwana akasema. Nikaongeza. Gurudumu likazunguka mpaka spoki zikapotea, wageni wakapiga makofi, wake zao wakaziba masikio. Nilikuwa ninakwenda mbio kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na mbele yangu kulikuwa na chungu cha maua, kile kile, hakisogei.

Nikaizima. Nikakunja kitambaa cha mafuta, nikakiweka juu ya kiti chake, nikateremka ngazi.

"Karani, unakwenda wapi?"

"Dakawa, bwana."

"Barua iko wapi?"

"Leo hakuna barua."

Akafikiri kidogo, wageni wakimtazama. "Haya," akasema. "Wasalimie."

Dakawa nilifika kesho yake. Niliwapa salamu zake, wakauliza ni za nani, nami nilikuwa nimeshapita.