Nilimchagulia Mume Wangu Pete Isiyovulika

Kosa ni langu. Msinitafutie shetani wa kumsingizia, maana mama yangu mzazi ameshajaribu na nimemkatalia. Mwanamume aliyekuwa mume wangu hana kidole cha pete mkono wa kushoto, na aliyekiondoa ni mimi, kwa wivu wangu na ujuaji wangu.

Nitamwita Athumani, ingawa silo jina lake. Ni fundi wa mashine za boti kule Somanga, na sisi tulikaa Kinjumbi. Tulipooana mimi nilivishwa dhahabu, nyembamba lakini dhahabu. Yeye alivaa fedha, maana mwanamume wa Kiislamu havai dhahabu. Sonara wa mjini Masoko aliyeitengeneza alituambia fedha ni laini, Athumani akinenepa tumpelekee aipanue. Tukacheka. Siku hizo nilikuwa bado mtu wa kucheka.

Shida ilianza siku nafua ovaroli lake, nikaikuta pete mfukoni. Nilipomuuliza akasema kazini huwa anaivua, mikono imejaa grisi, halafu mashine ikiidaka pete inaondoka na kidole. Maelezo ya mtu mzima kabisa. Lakini mimi nikayapeleka kwa jirani, naye akaniambia mwanamume akishaanza kuvua pete, hujui ataishia wapi.

Basi! Neno lile lilinikaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni. Akichelewa, vita. Nikanusa mashati, nikapekua simu. Sikupata kitu, na huko kutopata kukanizidishia hasira, nikaona huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Ndipo nikaona kwenye simu mtu wa Dar anauza pete za kiume, nyeusi, zinang'aa. Akasema madini yake yanaitwa tangsteni.

"Dada, hii haikwaruziki, haipindiki, haikatiki," akaniambia.

Mwenye akili angeogopa hapo hapo. Mimi niliona nimepata dawa. Nikampa kipimo cha ile ya fedha, kisha nikamwambia apunguze kidogo, ibane. Ndiyo, nilimwambia ibane!

Ikaja kwa basi. Nikampa Athumani kama zawadi, tukaipitisha kwa mafuta ya nazi. Alikunja uso, akauliza na kazini itakuwaje. Nikamjibu asiye na la kuficha ataivaa popote. Akaivaa. Alikuwa mtu asiyependa kelele, nami nilishajua kuwa nikipiga kelele za kutosha napata ninachotaka.

Msimu wa korosho ukafika, akaenda Mitole kumsaidia mama yake shambani. Siku ya pili, adhuhuri, akanipigia. Nyigu walikuwa kwenye mkorosho, wamemuuma mkono wa kushoto sehemu tatu nne.

"Mkono unavimba, mke wangu. Naivua hii pete kwa sabuni kabla haijakaza."

Nisikilizeni jibu nililompa.

"Nyigu wa Mitole wanakijua kidole cha pete tu? Uko na nani hapo?"

Nikaongeza kuwa akiivua asirudi kwangu. Akasema haya, akakata simu. Nilikwenda kupika nikiwa nimeridhika kabisa, nikijiona mwanamke anayejua kulinda nyumba yake!

Aliiacha mkononi. Magharibi, mama yake alipouona mkono ule, akaleta sabuni, akaleta uzi wa kuzungushia, haikusogea. Nyama ilikuwa imeshaifunika. Asubuhi wakaenda zahanati, muuguzi akajaribu msumeno mdogo wa kukatia pete. Alisema za dhahabu na fedha ameshazikata nyingi, zinakatika kama bati. Hii msumeno uliteleza tu juu yake. Akawaambia wawahi hospitali.

Nilipofika hospitali nilimkuta anatetemeka kwa homa, kidole kimekuwa cheusi. Daktari hakuhangaika na msumeno. Alichukua koleo la kubana, akaliminya pole pole, ile pete ikapasuka vipande kama kigae. Dakika moja haikuisha! Kumbe haikatiki, lakini inapasuka. Muuzaji hakuniambia hilo, na mimi sikuuliza, maana sikuwa nanunua pete ya kutoka.

Lakini kidole kilikuwa kimeshakufa. Kesho yake wakakikata.

Athumani hakunipiga wala hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alirudi kwa mama yake, akangoja kidonda kikauke, kisha akaja na mjomba wake wakakaa barazani. Niliwaamkia, mjomba akaitikia marahaba bila kuniangalia. Athumani ndiye aliyesema.

"Sikuachi kwa ajili ya kidole. Kidole ningeweza kukipoteza hata kazini. Nakuacha kwa sababu nilikwambia naumwa, wewe ukaniuliza niko na nani."

Akanipa talaka moja. Kwa dini yetu angeweza kunirejea ndani ya eda, kwa hiyo nilingoja. Pikipiki ikisimama nje nilikuwa naweka kanga sawa. Mama yangu alimpelekea watu wazima wawili wa kumsihi, akawapokea vizuri, akawapa chai, wakarudi na salamu tu. Eda ikaisha. Nasikia sasa mashine anazifungua taratibu kuliko zamani, na wateja wengine wamehamia kwa fundi mwingine. Hilo nalo niandikieni mimi.

Yule jirani? Anaendelea na maisha yake, na mumewe bado yuko naye nyumbani. Simlaumu. Mdomo ulikuwa wake, masikio yalikuwa yangu.

Nyie mnaokwenda kuchagua pete, msiulize ipi haikwaruziki. Muulizeni sonara inavyotoka siku mkono ukivimba, na kama hajui kuwajibu, ondokeni dukani kwake. Mwanamume anayetaka kuondoka ataondoka na pete yake kidoleni. Wangu hakuwa anataka kuondoka. Nilimwondoa mimi.

Na wewe mwenye wivu kama wangu, mtu wako akikupigia akasema anaumwa, muulize ni wapi panapouma. Mimi sikumuuliza.