Boti Sita za Shemeji

Simu ya Amisi ilinikuta Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou, Uchina, nachoma uzi wa kitambaa kwa kibiriti. Uzi ukinuka karatasi iliyoungua, ni pamba. Ukijikunja kama plastiki, umelizwa. Mwenye duka alikuwa ameapa ni pamba tupu. Ulijikunja, tukacheka wote wawili, nikaenda duka la pili. Ndivyo nilivyoishi Guangzhou miaka sita, simwamini mtu mpaka nichome.

Amisi, mume wangu, alikuwa amebaki kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Alisema kaka yake Ramazani anakuja kuagiza boti. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na watu walihitaji boti za kuvulia, na za kuvukia mambo yakichacha. Mama yangu aliishi pale pale ufukweni. Niliposikia boti, nilimwona yeye anavuka salama kwenda Kigoma. Nikaacha shughuli zangu nikawa mkalimani wa shemeji.

Karakana ilikuwa pembeni mwa jiji, kando ya mto. Laoban, mwenye karakana, mzee mwenye vumbi la faiba mpaka kwenye nyusi, aliitazama michoro akauliza mteja anataka nini na bamba zito la chuma mbele kabisa ya kila boti.

Swali hilo nilimpa Ramazani nikitazama sakafu. Kwetu kaka mkubwa wa mume ni kama baba mkwe, huwezi kumhoji.

"Shemeki, ile ni ya mashine ya kuvuta nyavu," alisema. "Uambie patron aendelee."

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Kwetu nyavu huvutwa ubavuni, kwa mikono; sijapata kuona mtu akizivutia mbele. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Nikatafsiri hivyo hivyo. Laoban akauliza tena, polepole, akidhani nimekosea neno. Nikarudia. Heshima ilinifunga mdomo, na leo naiona ni ujinga mtupu.

Boti sita zikaundwa. Rangi niliichagua mimi, buluu iliyopauka, aipendayo mama. Karatasi za forodha nilizijaza mimi: boti za uvuvi.

Miezi michache baadaye nilikwenda nyumbani kumchukua mama. Amisi hakuwepo, siku mbili kabla alikuwa ameaga anakwenda kutazama shamba. Saa nne asubuhi watu walijaa ufukweni wakingoja kuvuka. Wanajeshi wachache walikuwa wakilinda gati. Boti tatu za buluu zikatokeza nyuma ya mwamba.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

"Mama, ndizo hizo," nilimwambia.

Akatangulia kushuka, kitenge begani, akipunga mkono.

Juu ya bamba kulikuwa na bunduki kubwa.

Nililala kifudifudi nyuma ya ukuta. Mlio ulikatika. Ukaanza tena.

Waasi walilitaka gati, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamelipata. Tulimzika mama alasiri pamoja na majirani, sanda hazikutosha.

Amisi nilimkuta Kigoma, mzima wa afya, amenyoa vizuri. Nilimuuliza kama alijua kaka yake anawanunulia waasi. Hakukana. Alisema alidhani watawatisha wanajeshi tu. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia mapema, kule Guangzhou.

"Ningekuambia, ungetafsiri?"

Nilirudi Guangzhou peke yangu. Siku hizi nashona nguo katika karakana moja ya mtaa wa Kangle, maana mtaji na hamu ya biashara vyote vimekwisha. Kwetu siwezi kwenda; wanajua boti zile aliagiza nani, na hawajanisingizia. Ramazani alikuwa na vita vyake, na adui ni adui. Amisi alikula mezani kwa mama yangu kila Jumapili, kisha akamwacha ufukweni akijua kinachokuja. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, nami nilikuwa nimelala nacho.

Mwezi uliopita aliniandikia. Anataka tusuluhishwe kwa desturi, aje mjumbe kuniomba radhi. Kwa desturi yetu mjumbe ni kaka mkubwa wa mume, na Ramazani amekubali kuja.

Nilimjibu kwamba kwa desturi hiyo hiyo, anayempokea mjumbe ni mama mzazi wa mke. Hajaandika tena.